Simenti ya jivu la volkano: maoni ya mfyatua tofali wa Kibada

Mfuko ni wa kilo 50 kama mingine, na kama mingine una mnyama mkubwa kifuani. Simenti za nchi hii zimejaa wanyama, na mteja akifika dukani anataja mnyama, hataji daraja. Mimi nakuomba umwache mnyama, uinamishe macho hadi kwenye mstari mdogo wa herufi na namba. Kwenye mfuko huu ninaoueleza mstari unasema CEM IV/B (P) 32.5 N. Hapo ndipo umeandikiwa ulichonunua. Vilivyobaki ni matangazo.

Kiwanda sitakitaja. Ninachokipima hapa ni aina ya simenti, na aina hii haitengenezwi na kiwanda kimoja tu, kwa hiyo ukiikuta chini ya mnyama mwingine maneno yangu ni yaleyale.

Nafyatua tofali Kibada, Kigamboni, pembeni ya barabara ya kwenda Mwasonga. Yadi ina mashine moja ya kutikisa, tangi la maji, kibanda cha kuhifadhia simenti na vijana ambao wakishiba wanafanya kazi vizuri. Wateja wangu wengi wanajenga kidogo kidogo. Mwalimu anachukua tofali mia mbili akipata mshahara, mama lishe ana kiwanja chake Toangoma, na wapo walio nje ya nchi wanaotuma hela kwa simu na kumwachia shemeji usimamizi (huyo shemeji nitamrudia). Watu hawa hawana hela ya kuchezea. Ndiyo maana nimekaa na simenti hii muda wa kutosha kabla ya kusema lolote, nikaitumia kwenye tofali, kwenye plasta, kwenye msingi wa nyumba yangu mwenyewe na kwenye karo la maji taka.

Turudi kwenye mstari mdogo. CEM I ni klinka karibu tupu, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa pamoja kisha kusagwa, asilimia 95 na kuendelea. CEM II ni klinka iliyochanganywa na kitu kingine, na herufi ya mwisho ndiyo inayokitaja kitu hicho: L ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, V ni jivu la makaa ya mawe, S ni taka ya tanuru la chuma, P ni pozolana ya asili, yaani jivu la volkano. Ukiona CEM II/B-P, pozolana ni kati ya asilimia 21 na 35. Ukiona CEM IV/B, imepanda hadi kati ya 36 na 55. Namba 32.5 ni nguvu ya kuhimili mgandamizo, kwa megapaskali, ambayo simenti inatakiwa iwe imeifikia siku ya 28. Herufi N ni mwendo wa kawaida, R ni ya kukimbia mapema. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: simenti ya 42.5 N hupimwa siku ya pili, na siku hiyo inatakiwa iwe na angalau 10. Ya 32.5 N hata haipimwi siku ya pili. Kipimo chake cha kwanza ni siku ya saba, na inatakiwa iwe na 16. Kiwango chenyewe kimeshakubali kwamba haina haraka.

Nilipomsomea fundi Saidi mstari huo, akaweka karai chini.

"Mama Tusa, kwa hiyo nusu ya mfuko tumeuziwa majivu?"

"Karibu nusu, ndiyo."

"Na wewe umekubali?"

"Nimekubali kwa sababu bei imepungua, na kwa sababu majivu yenyewe nayajua."

Nayajua kwa kuzaliwa nayo. Kwetu ni Tukuyu, na huko jivu la volkano ndilo shamba. Migomba, chai, viazi, vyote vimesimama juu ya vitu vilivyotoka tumboni mwa milima. Rungwe umekaa karibu na pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na miaka kama 4,000 iliyopita ulirusha mawe mepesi na jivu kwa wingi kiasi kwamba tabaka lake bado linaonekana ardhi ikikatwa. Jirani yake Ngozi, ambao leo watalii wanapanda kutazama ziwa ndani ya kreta, ulitapika jivu la moto katika miaka elfu moja hivi iliyopita. Kwa mlima hiyo ni juzi. Kaskazini nako kuna ukoo wa pili: Kilimanjaro, Meru uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, Ngorongoro, na Oldoinyo Lengai ambao mpaka leo haujatulia.

Kinacholifanya jivu hilo lishike na klinka ni namna lilivyopoa. Mwamba ulioyeyuka ukipanda ukiwa na gesi nyingi, hautiririki kwa utulivu, unapasuka. Vinatoka vitone vidogo vya moto vinavyopoa hewani kwa sekunde chache, visipate nafasi ya kujenga fuwele. Vinabaki kioo. Lava inayotambaa na kupoa taratibu inapata muda huo, ikawa jiwe gumu jeusi la kusagia kokoto, na hilo hata ulisage liwe laini vipi halitafanya kazi ya pozolana ipasavyo. Jivu likianguka na kulundikana, mvua ikapita, uzito wa tabaka za juu ukabana, linageuka mwamba unaokatika kwa shoka ambao wanajiolojia wanauita tafu. Lakini si kila tafu ni mali kwa kiwanda. Mvua ikiliosha kwa maelfu ya miaka kioo kinageuka mfinyanzi, na huo ni udongo mwekundu wa kupanda migomba. Kwa hiyo mtu akikuambia ana kilima kizima cha pozolana kijijini kwao, muulize kwanza kama kimepimwa maabara.

Sasa kazi yake ndani ya zege. Klinka ikikutana na maji inatengeneza gundi inayoshika mchanga na kokoto, na pembeni inaacha chokaa isiyo na kazi. Chokaa hiyo maji yakipita yanaibeba hadi nje, na ndiyo sehemu ya ule unga mweupe unaochafua ukuta mpya baada ya masika. Silika iliyo kwenye kioo cha jivu inaikamata chokaa hiyo na kuigeuza gundi ileile. Yaani kinachotupwa na klinka, jivu linakiokota. Tatizo ni moja: kazi hiyo inakwenda polepole, inaendelea kwa wiki na miezi, na inahitaji maji muda wote. Tofali likikauka jua la saa saba mchana wa Januari, mambo yamekwisha; jivu lililobaki humo ni mchanga wa bei ghali.

Warumi walilijua jambo hili bila maabara. Walichanganya chokaa na jivu kutoka Pozzuoli, karibu na Naples, wakajenga hata bandari ndani ya maji ya chumvi. Kuba la Pantheon pale Rome, lenye upana wa mita 43 na ushee, lina karibu miaka 1,900 na halina nondo hata moja. Nikiwaambia vijana wangu hivyo wanacheka, wanasema Warumi hawakuwa na fundi wa Mbagala.

Na kama unataka mfano wa hapa nyumbani, upo Laetoli, jirani na Ngorongoro. Miaka milioni 3.66 iliyopita jivu lenye kaboneti nyingi lilianguka, mvua ya rasharasha ikalilowesha, viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake, likakauka likawa gumu, kisha jivu jingine likalifunika. Kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilizikuta nyayo hizo mwaka 1978. Kemia yake si ileile ya mfuko wangu, lakini kwa mfyatua tofali ni vigumu kutolionea wivu jamvi la namna hiyo, lililomwagwa bila fundi na bado lina nyayo.

Basi yadini. Kwa tofali za inchi 6 mimi natoa 25 kwa mfuko. Wapo wenzangu wanaotoa 40 na zaidi, na hao usiwaulize kuhusu daraja la simenti kwa sababu simenti yenyewe iko kwa mbali. Nilifyatua fungu la 42.5 na fungu la pozolana, mchanga uleule wa Mpiji, maji yaleyale, mashine ileile. Kesho yake asubuhi tofauti haikuhitaji kifaa. La 42.5 kijana ananyanyua na kupanga. La pozolana akilinyanyua pembe zinabaki mkononi, na anakutazama kama wewe ndiye uliyeharibu. Kwa hiyo nalo huligusi kesho yake. Unaliacha palepale, unalifunika kwa nailoni au magunia, unalimwagilia asubuhi na jioni, na kupanga ni baada ya siku kadhaa. Mimi siuzi kabla ya wiki tatu. La 42.5 nalitoa baada ya wiki moja na silali na wasiwasi.

Nilipeleka pia michemraba ya zege maabara, ya sentimita 15 kila upande, na nawashauri wote mnaojenga ghorofa mfanye hivyo badala ya kubishana kwenye vijiwe. Siku ya saba pozolana ilikuwa nyuma waziwazi. Siku ya 28 pengo lilikuwa limesinyaa. Yule kijana wa maabara aliniambia nikisubiri hadi siku ya 90 nitaona mengine, na nilisubiri, na kweli. Lakini hebu niambie nani Dar es Salaam anayesubiri siku 90. Mteja analipa asubuhi, mchana Fuso imeshafika, jioni fundi yuko kozi ya nne.

Hapo ndipo yule shemeji anapoingia. Anasimamia nyumba ya mtu aliye ng'ambo, anachukua tofali zenye siku nne kwa sababu "bosi anataka picha", anajenga, halafu kozi ya chini inaanza kumomonyoka na simenti inalaumiwa. Nimekataa wateja wa hivyo. Wamekwenda kwa jirani.

Jambo jingine la yadini ni maji ya kuchanganyia. Unga huu ni laini na jivu lina vitundu, kwa hiyo unakunywa maji zaidi. Fundi akiona mchanganyiko mgumu anaongeza ndoo, na kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu. Saidi tulibishana naye wiki nzima juu ya ndoo. Dawa niliyoiona inafaa ni kuugeuza mchanganyiko mkavu mara nyingi zaidi kabla ya maji kuingia, mpaka rangi iwe moja, halafu maji kwa kopo la kumwagilia maua, si kwa ndoo ya kumwaga. Na barakoa wavae. Vumbi la simenti yoyote si la kupuliza na kuvuta kama hewa.

Kwenye plasta sina la kulalamika. Inateleza vizuri kwenye mwiko, haivutiki, na nyufa za unywele zile zinazojitokeza wiki ya kwanza ni chache, mradi ukuta uloweshwe kwanza na umwagiliwe baadaye. Rangi yake inatofautiana. Mzigo mmoja kijivu cha kawaida, mwingine umeelekea kahawia. Ukipaka rangi haina shida, lakini kama unaacha niru tupu au unajengea mawe ya urembo ukutani, nunua mifuko yote kwa mkupuo mmoja.

Msingi ndipo iliponishinda kwa hoja, na hapa naomba watu wa Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach na Mbweni wasome taratibu. Ardhi yetu ina chumvi. Maji ya visima vingi yana chumvi. Chumvi na salfeti zikiingia kwenye zege zinatafuta ile chokaa huru, na zikiikuta zege linavimba na kupasuka, na zikifika kwenye nondo ndiyo kutu hiyo inayotoboa nguzo za nyumba za ufukweni. Zege la pozolana lililotunzwa vizuri lina chokaa chache na vitundu vidogo zaidi, kwa hiyo njia za kupitia ni finyu. Tena halipati joto kali linapoganda, na msingi mnene hauna sababu ya kupasuka kutokea ndani. Msingi wa nyumba yangu Kibada ni wa simenti hii. Ukuta wa jirani yangu, uliojengwa na simenti ya haraka na maji ya kisima, una mistari meupe hadi usawa wa dirisha. Wangu una kidogo pale ambapo fundi alisahau nailoni ya kuzuia unyevu, kwa sababu pozolana si uchawi, unyevu wa ardhini utapanda tu kama hujaukata.

Tahadhari ya upande wa pili ni hii. Chokaa ikipungua, ule ulinzi wa asili wa nondo nao unapungua kwa kiasi. Zege likitunzwa ovyo, likawa na vitundu, hewa inaingia na nondo zinapata kutu mapema kuliko ambavyo zingepata kwenye CEM I. Kwa hiyo linta, slabu na nguzo za ghorofa kwangu ni 42.5 bila mjadala, hasa pale fundi anapotaka kutoa mbao mapema. Mbao zikitolewa chini ya slabu ya pozolana kwa ratiba ya 42.5, sitaki kuwa ndani.

Huduma ya kununua imenipa kero moja, na msambazaji nitamwacha bila jina. Mzigo mmoja ulikuja na mifuko ya chini ikiwa na mabonge. Tarehe ya kufungashwa ilikuwa imesuguliwa. Kwa hewa ya Dar simenti yoyote ikikaa zaidi ya miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu, na hii yenye klinka kidogo haina akiba ya kupoteza. Walibadilisha mifuko baada ya maneno mengi. Tangu hapo kabla ya kuli kushusha mfuko wa kwanza natazama tarehe, naukandamiza kona kwa kidole gumba, halafu ndiyo nasaini. Kibandani naupanga juu ya mbao, mbali na ukuta, wa kwanza kuingia wa kwanza kutoka.

Bei inapishana na ya 42.5 kwa elfu moja hadi elfu mbili kwa mfuko, kutegemea msimu na duka. Kwa mtu wa mifuko kumi hiyo ni nauli. Kwa yadi ni faida ya mwezi. Na hapa nina malalamiko ya kiuchumi, ambayo hayamhusu muuzaji hata kidogo.

Klinka inatengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo hadi nyuzi kama 1,450. Jiwe safi la chokaa likichomwa linapoteza asilimia 44 ya uzito wake, ikienda hewani kama kaboni dayoksaidi, na hapo hujahesabu makaa yaliyouwasha moto wenyewe. Jivu la volkano limeshachomwa na mlima, bure. Kazi iliyobaki ni kulichimba, kulikausha na kulisaga. Kila tani ya jivu inayoingia kwenye kinu mahali pa klinka ni mafuta yaliyookolewa. Hivyo swali la mtu wa Dar ni kwa nini punguzo ni elfu moja na kitu tu.

Jibu kubwa ni barabara. Chini ya miguu yetu hapa kuna matumbawe na mchanga. Wazo Hill, ambako simenti imetengenezwa tangu miaka ya 1960, ni mlima wa chokaa ya matumbawe, kwa hiyo kiwanda cha pwani kikitaka kitu cha kuchanganya na klinka, mawe ya chokaa yako mlangoni, na si ajabu mifuko mingi mjini ukiisoma ukute L. Jivu liko Holili, mpakani na Kenya upande wa Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa, au Songwe na Rungwe, zaidi ya kilomita 800. Bidhaa ya bei ndogo na uzito mkubwa haistahimili safari ndefu. Ikifika Chalinze nauli imeshaila. Ndiyo maana Songwe, ambako chokaa na jivu la volkano ni majirani, kiwanda kina maana kamili, na mtu wa Mbeya ananunua simenti ya pozolana bila kujiuliza. Kwa Dar jivu lingekuja kwa bei nzuri kama lingepanda gari linalorudi. Malori yanatoka bandarini yamejaa kwenda Tunduma na mengine hurudi bila mzigo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, inapita Mbeya. Njia ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukusanya mzigo upande ule na mtu wa kuupokea upande huu, mwenye kinu.

Na huyo mwenye kinu ndiye ningemnunulia kuliko kiwanda. Ninachokitaka ni mfuko wa pozolana peke yake, iliyosagwa, iliyopimwa na yenye alama ya TBS, ili mimi nichanganye mwenyewe: kiasi hiki kwenye tofali za uzio, kiasi kile kwenye msingi, na chokaa na pozolana tupu kwenye plasta ya ndani ambako hakuna haraka. Leo nalazimika kununua uamuzi wa kiwanda pamoja na unga. Kijijini nako mwenye shamba anauza lori la jivu kama anavyouza lori la kifusi, kwa sababu kwake ni kifusi. Leseni ndogo ya uchimbaji kisheria ni ya Mtanzania, kwa hiyo nafasi ya kusimama mwenyewe anayo. Asichonacho ni cheti cha maabara kinachosema jivu lake lina kioo kiasi gani, na bila karatasi hiyo hana la kubishania bei.

Jivu si mali pekee ya milima hiyo. Tafu lenyewe likikatwa ni tofali. Niliwahi kukaa kwa dada yangu Juja, Kenya, na kule mawe ya Ndarugo ndiyo nyumba. Yanakatwa machimboni, yanapakiwa, yanajengwa, na hakuna anayezungumza habari za tofali ngapi kwa mfuko. Ni laini kukata na yanaleta ubaridi ndani ya nyumba, ingawa yanafyonza maji na yanataka plasta upande wa mvua. Kisha kuna yale mawe mepesi ya pumisi, ambayo Kariakoo tunayanunua kusugulia visigino. Yanaelea. Mwaka 1883 Krakatau ulipolipuka kule Indonesia, pumisi yake ilivuka Bahari ya Hindi ikafika hadi pwani hii ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Pumisi ikiwekwa mahali pa kokoto inatoa tofali jepesi lisilopitisha joto haraka, na kwa vyumba vya Dar mwezi wa pili hilo ni jambo la kulipia. Warumi waliiweka juu kabisa ya lile kuba kupunguza uzito. Zeolaiti, aina ya madini inayopatikana pale jivu lilipoangukia kwenye maziwa ya magadi kama huko Olduvai, nayo inasifiwa kwa kusafisha maji na kunyonya amonia kwenye mabanda ya kuku, lakini hapo tahadhari: aina moja ya zeolaiti, erionaiti, vumbi lake linasababisha saratani. Siyo kitu cha kuchimba kwa koleo na kuuza kwenye viroba.

Nyota zangu basi. Msingi na plasta, nne na nusu kati ya tano. Tofali, nne kwa mwenye subira na maji ya bomba, mbili kwa asiye navyo. Linta na slabu sitaipa nyota, kwa sababu siyo kazi yake na mfuko wenyewe haujadai hivyo.

Karo la maji taka ndilo watu wengi wameniuliza kuliko vyote, kwa hiyo nimeliacha peke yake. Ndani ya karo kuna salfeti na asidi, hewa chafu na maji yasiyokauka. Zege la simenti ya kawaida linaliwa taratibu kuanzia juu, pale hewa inapokaa. Pozolana inavumilia zaidi mazingira hayo, na uzuri ni kwamba chini ya ardhi unyevu haukosekani, kwa hiyo linaendelea kukomaa hata ukilisahau. Jenga kuta kwa tofali zenye umri wa mwezi, piga plasta mikono miwili kwa mchanga safi usio na chumvi, jaza maji masafi na uyaache humo siku saba kabla ya kuunganisha bomba la choo. Mfuniko ufanye kwa 42.5 na nondo, maana watoto watasimama juu yake.